Wosia wa Bure kwa Wanachama Thelathini na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu kwa kuniletea mpinzani. Miaka kumi na miwili nimeuwakilisha mji wetu huu wa wafugaji katika bunge la jimbo kule Sydney bila mtu hata mmoja kunipinga chamani. Nilikuwa naanza kuota ukungu. Sasa amejitokeza Bronte Zerner, daktari wa mifugo. Kura za maoni ni Jumamosi. Wanachama thelathini na mmoja tu, na hakuna hata mmoja ambaye Bronte hajamtibia ng'ombe! Mimi, katika miaka yangu ishirini ya uwakili hapa mjini, nilimwokoa nani? Mzee Alf Noske. Nilimwokolea leseni ya udereva. Wiki iliyofuata akagonga posta.

Lakini nina hila. Nitawaandikia wanachama wosia, bure! Mke wangu Merle kauliza kama sheria inaruhusu. Nikamwambia mimi ni mwanasheria. Akasema ndiyo maana anauliza.

Jumanne, 4 Machi
Ukumbi wa kanisa. Foleni! Wazee kumi na mmoja, kila mmoja na keki yake. Nilishukuru huku natafuna, krimu ikanidondokea kwenye tai.

Wa kwanza, Bi Dulcie Haebich. Mbwa wake anamwachia nani? Daktari Bronte. Nikamdokezea kwa upole kwamba wapenda mbwa wako wengi, hata bungeni. Akanikazia macho. "Wewe, Clive, unajua kumkata mbwa kucha?"

Sijui.

Mzee Alf: bunduki, kwa Bronte. Kurt Wenke: tandiko la farasi, kwa Bronte. Hadi jioni wosia sita zinamtaja. Jina la hasimu wangu mara sita, kwa mwandiko wangu mwenyewe! Bi Dulcie alinisahihisha pia. Zerner ni kwa Z, si kwa S.

Jumatano, 5 Machi
Wosia unahitaji mashahidi wawili. Wazo la dhahabu! Mmoja Merle, wa pili Bronte mwenyewe. Watu wamwone kakaa pembeni kama karani wangu! Akaja, buti zimejaa mavi ya ng'ombe, mfukoni kalamu na bomba la sindano. Katia sahihi zote kumi na moja bila kunung'unika. Nikamshukuru mbele ya watu, polepole, wote wasikie. Siku tamu.

Alhamisi, 6 Machi
Bronte kapiga simu asubuhi. Sauti ya chini.

"Mheshimiwa, baba alipoandika wosia kwako, ulinitoa chumbani. Ulisema anayeachiwa mali asiwe shahidi."

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni.

Kweli tupu. Shahidi aliyeachiwa kitu anaweza kukikosa. Mbwa, bunduki, tandiko, vyote mashakani. Na wazee wale wana imani nami! Bi Dulcie ana miaka tisini na moja na moyo wake unakwenda kwa kusitasita. Habari ikifika kwa mwoka mikate, gazeti la mji mzima, nimekwisha.

Nikamwuliza kamwambia nani. Hakuna mtu. Nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka wazee wapate walichokiomba. Kesho saa moja asubuhi atanipitia na pikapu. Nisivae tai.

Ijumaa, 7 Machi
Nyumba sita, wosia sita upya. Safari hii mashahidi ni Merle na jirani yeyote asiyeachiwa kitu. Bronte alibaki nje kila mara, mgongo ameuelekeza dirishani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Niliona haya. Kwa muda mfupi, lakini niliona.

Kwa Kurt Wenke tulikuta ng'ombe anazaa na ndama amekwama. Bronte akavua koti. "Shika kamba, Mheshimiwa. Nikisema vuta, vuta. Na usihutubie!"

Nilivuta. Nikaanguka chali. Ndama akaja juu ya kifua changu, wa moto, mzito, akanipigia chafya usoni. Yu hai! Nililia. Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Kurt akanipa pai ya nyama, akasema kumbe wakili akilowana hufanana na mtu. Sijasifiwa hivyo tangu niapishwe.

Jumamosi, 8 Machi
Kumi na sita kwa kumi na tano. Mimi! Nilishukuru wote, mpaka aliyepanga viti. Bronte akaninong'oneza kwamba kura ya kumi na sita ilikuwa yake. Machozi yakanilenga. Nikamwuliza kwa nini.

"Ukiwa Sydney, Mheshimiwa, huku hakuna atakayeandikiwa wosia na wewe."

Mwanamke mwenye moyo mkubwa! Nilimkumbatia. Hata sikujali buti.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari yote na nimepata somo. Watu hawataki sheria. Wanataka tiba ya mifugo! Nimebandika tangazo dukani: Mbunge wenu sasa pia ni mkunga wa ng'ombe. Nimeagiza glavu ndefu, jozi arobaini. Bronte alilisoma, akakaa kwenye ngazi za duka, mikono kichwani. Shukrani zimemzidi, maskini.

Simu ya kwanza imeshaingia. Si kuzalisha, ni fahali mwenye jino bovu. Nikakubali papo hapo. Merle kauliza fahali huyo nitamshika wapi.

Popote panaposhikika.