Ugonjwa wa Kumrudisha Hélène

Jumatatu, tarehe 5 Mei
Hélène bado yuko kwa mama yake Yanonge. Alisema atarudi siku nitakayoacha wazimu. Wazimu wenyewe ni mabuti ya mvua niliyonunua, magunia mazima, bei safi. Yote ya mguu wa kushoto! Ningejuaje? Magunia yalikuwa yameshonwa.

Ameniachia Déborah, mtoto wetu wa miaka minne, kwa sababu ya shule. Nyumba ni kimya. Nimemkumbuka Hélène, hata anavyonigombeza. Liputa yake, kitenge cha kujifunga, bado inaning'inia mlangoni, na sitaki mtu aiguse.

Leo Déborah amepiga chafya. Wazo likanijia. Mama gani hakimbilii mtoto mgonjwa?

Jumanne, tarehe 6
Nimempa ujumbe Osée, mwenye baleinière, boti ya mbao iendayo Yanonge: mtoto mgonjwa. Huwa anapaza sauti akiwa bado majini, ukoo mzima unasikia. Vizuri sana.

Jirani yangu Pélagie, mkubwa wa akina mama wa parokia, ameuliza nani mgonjwa. Déborah alikuwa akiruka kamba mbele yake. Mwanamke huyu hana kazi?

Jumatano, tarehe 7
Hélène amepiga simu! Sauti yake! Nikasahau kujibu kwa huzuni. Akauliza kama mtoto anakunywa. Anakunywa. Anakojoa? Vizuri. Anacheza? Déborah alikuwa akiimba nyuma yangu kwa nguvu zote.

“Bon, papa Déborah, ile iko mafua tu,” akasema. “Lakini sikia. Akipata homa, apimwe malaria siku ile ile. Akikataa kunywa, akitapika kila kitu, akishituka-shituka, ao akilala bila kuamuka muzuri, usiningoje mimi. Kimbia kwa munganga!”

Kisha akakata. Nimeelewa shida yangu. Natafuta ugonjwa wa katikati: mkubwa wa kumleta mama, mdogo wa kutomhitaji daktari.

Alhamisi, tarehe 8
Mungu anisamehe. Asubuhi Déborah alikuwa na mwili wa moto, nami nikafurahi.

Nimempigia Hélène. Amesema apimwe leo leo, naye atapanda baleinière ya Jumamosi. Anakuja! Nimefagia hadi chini ya kitanda.

Halafu nikafikiri. Akitibiwa leo, Jumamosi Hélène atamkuta anaruka kamba. Nitaonekana mwongo, naye atarudi na baleinière ile ile. Basi nimempa dawa ya kushusha homa na kumfunika liputa ya mama yake. Kupima kutangoja kidogo. Pélagie ameuliza kama tumekwenda kwa daktari. Nimemwambia tumesharudi. Amenitazama hadi nikaingia ndani.

Ijumaa, tarehe 9
Amekataa chai. Nimeongeza sukari, amekataa. Makemba, ndizi za kukaanga ambazo huwa anaziiba sahanini kwangu, hakuyatazama. Nimemwambia mama anakuja kesho. Alifumbua macho, akayafumba tena. Nikamwita. Nikamtikisa. Hakuitika.

Nimeogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nikatoka naye mikononi nikipiga kelele. Pélagie alikwisha kusimamisha toleka, baiskeli ya abiria, barabarani, na kijana mwenye nayo alipiga baiskeli kama mwizi.

Malaria kali. Wamemchoma sindano, wamemwekea maji ya mshipa. Daktari akauliza homa ilianza lini. Nikasema leo. Nikasema jana. Akauliza kwa nini sikumleta jana. Mtu anamwambiaje daktari kwamba alikuwa anangoja baleinière?

Nimelia mbele ya Pélagie. Amenipa kitambaa chake. Kinanukia sabuni.

Jumamosi, tarehe 10
Hélène amefika na harufu ya moshi wa samaki kwenye nguo zake. Hakunisalimu. Akaketi kitandani kwa mtoto, akamwita polepole. Déborah akaomba maji. Akamaliza kikombe chote! Hapo ndipo Hélène alipolia.

Nilitaka kumshika mkono. Nikashika chuma cha kitanda, karibu na mkono wake. Hakuuondoa. Baadaye akauondoa.

Jumatano, tarehe 14
Déborah amepona, na daktari ameruhusu safari. Wameondoka wote wawili kwa baleinière nyingine, si ya Osée. Hata liputa ya mlangoni imekwenda. Hélène amesema hakasiriki kwa sababu ya mabuti tena. Amesema nilimtazama mtoto akiungua kwa homa, nikaona njia ya kumrudisha yeye. Ni kweli. Baleinière ilipozunguka, Déborah alipunga mkono. Nami nikapunga hadi watu wa bandarini wakaanza kunicheka.

Nimeapa mbele ya Pélagie: ugonjwa wa mtoto si wa kuchezea. Homa, apimwe siku ile ile. Akikataa kunywa, mbio. Kamwe sitangoja tena.

Mtu mzima ni jambo jingine.

Tangu asubuhi nimevaa buti la kushoto mguu wa kulia. Nimezunguka soko lote nalo. Kidole kikubwa kimevimba, chekundu, kinauma vizuri kabisa. Pélagie anasema niende nikakionyeshe kwa daktari leo. Leo! Kitakuwa kimepona kabla ya Jumamosi. Osée anateremka Yanonge kesho alfajiri, nami nimemwambia apaze sauti.