Bahari Yenye Nidhamu

Jumatatu, 9 Juni

Mzee wa Funguo anastaafu mwisho wa mwezi. Hatimaye! Ghala la mawe litahitaji mkuu mpya, na mkuu mwenyewe ni mimi, ila Mkurugenzi bado hajajua.

Mpinzani ni mmoja tu: Shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, anayekata mawe kwenye chumba cha misumeno na kuyachungulia kwa hadubini. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kweli anajua mambo, simnyimi haki yake. Ghala letu limejaa mawe marefu ya duara, manene kama mchi, yaliyochorongwa kwa mashine chini ya sakafu ya bahari na kulazwa kwenye masanduku. Akiona jiwe jeupe anakwambia hapo bahari ilikuwa na joto, imejaa vidudu vyenye magamba. Jeusi, maji yalikosa hewa, samaki wakafa. La kijivu lenye kokoto, barafu ilipita ikielea na kudondosha mizigo yake. Jekundu, bahari ilijiondokea pakawa nchi kavu. Mimi nikiona jiwe naona jiwe. Lakini kazi ya mkuu ni kuongoza, kutazama watatazama wengine.

Jambo moja linaninyima raha. Nimeshamwambia mama mkwe kwamba cheo nimepewa. Lilinitoka tu, siku aliyosema, mezani kwangu, akila chakula changu, kwamba binti yake mkubwa aliolewa na mpanga mawe. Sasa anasema Ijumaa anakuja kuiona ofisi kwa macho yake.

Jumanne, 10 Juni

Akili ni mali. Alhamisi Mkurugenzi analeta mgeni, profesa wa kike kutoka ng'ambo, kuiangalia Nguzo ya Saba, mawe yaliyotoka shimo moja, tunayojivunia kuliko yote. Mzee wa Funguo yuko likizo. Funguo ninazo mimi.

Nimefungua masanduku. Aibu tupu. Vumbi kila mahali, na kila jiwe limechorwa mshale wa wino na tarakimu, utadhani ukuta wa choo cha shule. Nimeyaosha yote kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu. Mishale imetoka, tarakimu zimetoka. Sikuwa na wasiwasi, maana nina kumbukumbu nzuri. Yalipokauka ndipo nikagundua sikumbuki lipi lilikuwa wapi.

Hasara gani? Mpangilio wenyewe ulikuwa vurugu: jeupe, jeusi, jeupe tena, la kijivu, jekundu, jeupe tena. Nani mwenye akili zake anapanga hivyo? Nimepanga kwa rangi. Meupe juu, ya kijivu yanafuata, kisha meusi, mekundu chini kabisa. Nimeandika tarakimu mpya kwa mwandiko wangu, ambao hata mwalimu wangu aliusifu. Ghala linapendeza kama sebule ya maharusi.

Jumatano, 11 Juni

Shemeji kapita ghalani, akasimama, akanusa. Akauliza mbona leo kunanukia siku ya kufua. Nikajitia hamnazo. Akasema mawe si vyombo, shemeji. Nikamwambia usafi ni nusu ya uongozi. Akataka kufunua sanduku moja, nikalikalia. Tukatazamana. Nilikaa hapo mpaka akachoka akaondoka zake, na mfuniko umeniachia alama ambazo sitazieleza.

Wivu huo. Mtu akiona mwenzake anapanda, roho inamuuma.

Nyumbani mke wangu ananiuliza dirisha la ofisi yangu lina upana gani, mama anashona pazia. Nikamwambia ni pana sana. Nilipopanda kitandani nikakumbuka ofisi ya mkuu haina dirisha.

Alhamisi, 12 Juni

Chanda chema huvikwa pete!

Profesa kaja. Mfupi, mpole, viatu vya tope. Kaitazama Nguzo ya Saba kutoka chini kwenda juu, maana ya chini ndiyo ya kale. Akaitazama tena. Akatoa kijitabu akachora. Mwisho akasema kwingine kote alikofika, bahari imekuja na kuondoka mara nyingi, joto likipanda na kushuka. Hapa peke yake kila kitu kimekwenda kwa zamu: nchi kavu, kisha maji yasiyo na hewa, kisha baridi, kisha joto, basi. Hajawahi kuona bahari yenye nidhamu namna hii.

Mkurugenzi, ambaye kuhusu mawe tuko darasa moja, alicheka mpaka jino la nyuma. Akauliza nani anayeyatunza. Nikasogea mbele taratibu, kama mtu asiyependa makuu. Akanipa mkono na kusema barua ya cheo ataisaini kesho, baada ya profesa kuzungumza na wafanyakazi wote.

Nimempigia mama mkwe simu. Nimemwambia akae kiti cha mbele.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia chooni, maana ndicho chumba pekee ambamo mama mkwe hawezi kunifuata.

Asubuhi Shemeji alinivuta pembeni. Alikuwa ameshayaona. Akanionyesha vitobo vya minyoo ya zamani ndani ya mawe. Mnyoo wa baharini huingilia juu akachimba kwenda chini. Katika jiwe moja anachimba chini, sawa. Katika la pili anachimba juu. Akaniuliza huyu wa pili alikuwa anapaa mbinguni? Akasema, kwa upole kabisa, nikaseme mwenyewe kabla ya mkutano, yeye atanisaidia. Nikamwambia namjua vizuri, anataka kiti changu.

Lakini nilishtuka. Watu walipokwenda kunywa chai, nikaingia ghalani kurekebisha. Ubaya ulikuwa mmoja tu: mengine yalikuwa yamepinduka. Dawa ya kupinduka ni kupindua. Nikayapindua yote, moja baada ya jingine, ili pasiwe na upendeleo.

Mkutano ukaanza. Mama mkwe mbele, kavaa vizuri, pazia limekunjwa mapajani. Profesa akafungua kijitabu chake, akatazama mchoro wa jana, akatazama jiwe, akatazama mchoro. Akatoa lenzi. Akasema, bila ukali wowote, kwamba inaonekana minyoo wamebadili mawazo tangu jana. Waliokuwa wakishuka leo wanapanda, na waliokuwa wakipanda leo wanashuka.

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi wote.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Akauliza, kwani jiwe lina juu na chini? Profesa akamweleza vizuri sana: tope hushuka baharini kidogo kidogo, kama vumbi juu ya kabati, la kwanza hulala chini ya la pili. Ukilitoa kwa zamu yake, litakuambia lini bahari ilikuwa na joto, lini ilipoa, lini ilikimbia. Ukivuruga zamu, halikuambii kitu, au linakudanganya. Na haya yamevurugwa, tena yameogeshwa.

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema aliyefanya hivyo hana adabu kwa wakubwa, maana mawe hayo yametuzidi umri sote. Kisha akanigeukia, uso umejaa fahari, akasema mbele ya ofisi nzima: "Mkwe wangu, wewe ndiye mkuu wa ghala. Mtafute huyo mtu, umfukuze."

Mkurugenzi akauliza mkuu wa ghala gani.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka sauti ya mama mkwe ikisema taratibu, "Alaa." Neno moja tu. Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini hakuna tusi lililoniuma kama lile.

Jumamosi, 14 Juni

Mawe yamepona. Kumbe siku yalipotolewa baharini yalipigwa picha, jiwe kwa jiwe, na picha zimo katika kabati la Shemeji. Leo siku nzima yeye na profesa wamelinganisha kila ufa na kila kokoto. Bahari imerudia tabia yake, inakuja na kuondoka inavyotaka. Profesa anafurahi vilevile, sijui ana moyo gani.

Mimi sikufukuzwa. Shemeji aliniombea. Kazi yangu ni kuchora upya mishale yote, yeye akikagua.

Barua ya cheo imeandikwa jina lake. Mama mkwe amekwenda kuiona ofisi hiyohiyo aliyokuja kuiona, ila sasa ni ya binti yake mdogo. Pazia limetundikwa ukutani pasipo dirisha, na Shemeji kasema limependeza. Mama mkwe hakunisema hata kidogo. Chakula kilipoandaliwa aliniwekea nyama kubwa, kama mtu anavyomwekea mgonjwa. Iliniuma sana. Niliila.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari sana, na nimeliona kosa langu. Nilifanya jambo kubwa bila mama mkwe kuwepo tangu mwanzo. Angeniona nikitoka jasho, angenielewa.

Nimeona jambo jingine pia. Zile picha katika kabati la Shemeji ziko ovyo. Nyingine ndogo, nyingine kubwa, zimechanganywa, zimefungwa kwa uzi, na nyuma zimejaa maandishi ya penseli yasiyosomeka. Hivyo ndivyo mkuu mpya anavyoanza kazi? Atachekwa, na mimi ni ndugu yake.

Kesho nitawahi kabla hajafika. Nitafuta yale maandishi, kisha nizipange kwa ukubwa, ndogo mbele, kubwa nyuma. Mama mkwe nimemwambia twende wote, aone.