Mkono Mfupi, Meno Makubwa

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu asubuhi. Dada kapanda mlima akiikokota baiskeli, karudi akiikokota, viatu vimejaa tope. Yeye ni muuguzi. Kila siku huwapelekea dawa wazee wa kule juu wasioweza kushuka hadi zahanati. Anasema gia za ile baiskeli hazimsaidii kitu, mlima unamtoa roho. Kisha, huku akikamua soksi, akasema kesho atapita kwa Koleo aiangalie.

Koleo! Fundi baiskeli wa pale kona. Mgane, mpole, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mwezi uliopita Dada alipita kwake mara sita. Baiskeli gani inaugua mara sita kwa mwezi? Na juzi yule bwana kaniita shemeji. Mbele za watu! Shemeji kwa lipi? Nani kampa?

Mimi si mjinga. Nyumba hii ni ya zahanati, imeandikwa jina la Dada. Akiolewa akahamia kwa Koleo, ufunguo unarudishwa, na mimi natoka na godoro langu kichwani, mtu mzima wa miaka thelathini na saba. Tangu kiwanda kinipunguze kazini napumzika kidogo. Mwaka wa nne huu.

Basi nimeamua. Baiskeli nitaitengeneza mwenyewe, na nitaitengeneza isiharibike tena. Koleo atamwona Dada wapi?

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa muuza vyuma chakavu. Bahati iliyoje! Baiskeli ya milimani, fremu imevunjika, lakini meno ya gurudumu la nyuma mazima kabisa. Sahani tisa kama zetu, kutoka ndogo kama kifuniko cha chupa hadi kubwa ya kulia chakula. Kubwa yetu haifiki hata nusu yake. Kwa meno hayo mtu anapanda hata ukuta. Nikampa redio, akanipa meno. Redio ilikuwa ya Dada, lakini siku hizi haisikilizi sana.

Nikapita kwa Koleo makusudi, nimeyabeba hadharani. Akayatazama kwa muda. Akaniambia, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba meno ni mazuri ila baiskeli ya Dada ina mkono mfupi. Anamaanisha kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni na kuivuta isilegee. Mkono mfupi hauwezi sahani kubwa hivyo, akasema. Cheni ukiiacha ndefu, itaning'inia. Ukiikata fupi, siku itakapokaa kwenye sahani kubwa ya mbele, ile ya kwenye pedali, na kubwa ya nyuma kwa pamoja, itang'oa kila kitu. Eti nisubiri, atanitafutia mkono mrefu. Wiki mbili hivi.

Wiki mbili! Hizo ni ziara ngapi? Nikamwambia ahsante, mkono wetu unatosha. Akasema haya, shemeji. Nimetembea mpaka nyumbani napiga mawe mateke.

Jumatano, 5 Juni

Dada kaenda mkutanoni kwa basi. Baiskeli nimeipindua sebuleni juu ya magazeti. Grisi imeingia kwenye zulia, kwenye pazia, na sijui imefikaje, kwenye dari.

Meno yameingia bila taabu. Kigurudumu cha mkono kilikuwa kinasaga ile sahani kubwa, nikakaza skrubu mpaka kikaacha. Ikaja cheni. Ndefu, inaning'inia ovyo. Fupi, inakaza vizuri. Nikachagua fupi, inapendeza zaidi. Nikazungusha pedali, gia zinapita laini, moja baada ya nyingine. Moja tu ilikataa. Kubwa kwa kubwa, mkono ulinyooka wote, ukalia kwiii. Nikarudisha haraka.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Ningeweza kumwambia Dada asiweke kubwa kwa kubwa. Maneno matatu tu. Lakini namjua, angeuliza kwa nini. Kesho yake angemuuliza Koleo kwa nini. Na Koleo angemjibu, kwa upole, kwamba alikwisha kuniambia. Hapana! Na kwani nani anapanda mlima kwa sahani kubwa ya mbele? Nimenyamaza.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Dada karudi mapema, uso unang'aa. Kapanda mlima wote bila kushuka. Wote! Wazee wamempigia makofi. Akaniambia hajui nimejifunzia wapi, ila baba angekuwepo angefurahi. Hakuna aliyeniambia neno kama hilo tangu niache kiwanda. Hata kiwandani hawakuniambia. Nilitoka uani nikajifanya naanua nguo.

Nikaenda kwa Koleo kumpasha habari. Akauliza cheni nimeiacha urefu gani. Nikajitia sikusikia.

Ijumaa, 7 Juni

Saa nne asubuhi simu ikalia. Dada. Saa nne ndipo anapokuwa mlimani. Nikajua ni cheni. Nikaiacha ilie. Ikalia tena, nikaifunika kwa mto. Mara ya tatu nikatoka nje nikafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Karudi saa saba kwa miguu. Goti limechubuka, sketi imechanika. Leo alijisikia ana nguvu, akaiacha cheni kwenye sahani kubwa ya mbele, na mlima ulipokaza akahamisha mpaka ile kubwa ya nyuma. Mkono ukang'oka, ukaingia kwenye spoki, gurudumu likagoma, yeye chini. Chupa mbili za dawa zimevunjika. Kuna mzee leo hakupata dawa yake ya presha.

Na kwa kuwa mimi sikupokea simu, akampigia Koleo. Koleo akafunga kibanda chake, akapanda mlima kwa miguu, wakashuka pamoja. Yeye kabeba baiskeli begani, Dada anachechemea pembeni. Saa mbili nzima! Niliwaona kupitia dirishani wakifika. Walikuwa wanacheka. Mtu kaanguka, kachanika, halafu anacheka!

Dada akaniuliza simu yangu ilikuwa wapi. Nikasema iliisha chaji. Akaitazama pale mezani, imejaa.

Jumamosi, 8 Juni

Dada kaniketisha. Kumbe Koleo alimposa zamani. Miaka mitatu iliyopita! Dada akamwambia asubiri, kwa sababu yangu. Alimwambia mdogo wake hana kazi, akiondoka nitakwenda wapi. Kila mwaka Koleo akiuliza, jibu ni lile lile. Jana pale mlimani, goti linavuja damu na simu yangu inalia bure, Dada akaona amesubiri vya kutosha. Alimkubalia kabla hawajafika chini.

Kwa hiyo ni mimi niliyemwoza. Kwa mikono yangu mwenyewe, sebuleni, juu ya magazeti.

Nikauliza nani atakuwa anapika.

Dada akanitazama, akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Nimekula mkate mkavu peke yangu. Nimeona aibu leo, naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Dada angekuwa kwa mumewe zamani. Miaka mitatu amebaki hapa ananipakulia.

Alhamisi, 13 Juni

Ufunguo unarudishwa mwisho wa mwezi. Nimemwandikia binamu, hajajibu. Mjomba kajibu upesi sana. Hapana.

Koleo kaja na mkono mrefu. Kaufunga uani kwa nusu saa, kaongeza pingili kadhaa za cheni, kanawa mikono, kaondoka. Leo Dada kapanda na kushuka, kajaribu mpaka kubwa kwa kubwa, hakuna kilicholia. Lakini meno si ni yale yangu? Hakuna aliyekumbuka kulisema hilo.

Jumapili, 16 Juni

Koleo kanijia kavaa shati safi. Nyuma ya kibanda chake, mkabala na nyumba yake, kuna stoo. Katoa matairi yote, kapaka chokaa, kaweka kitanda. Anataka nikakae humo. Anasema Dada hatapata usingizi akijua sina pa kulala. Sharti ni moja tu. Nisiguse baiskeli ya mteja yeyote. Wala nisishike spana, wala bisibisi, wala pampu.

Nikauliza, pampu pia? Akasema pampu pia, shemeji.

Dharau iliyoje! Mimi nisishike pampu? Nikamwambia sihitaji hisani ya mtu. Akaniaga kwa heshima. Nimeshinda kutwa nimelitazama godoro langu. Ilipofika saa kumi na moja nilimfuata, nikakubali.

Dada alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Akasema miaka yote amenitetea, kwa mjomba, kwa shangazi, kwa kila mtu. Safari hii hatanitetea. Nikivunja sharti nitaondoka, hata kama yeye atabaki analia. Nikamwapia. Na niliapa kwa dhati, si kwa midomo tu.

Jumapili, 30 Juni

Wameoana jana. Nimehamia leo. Chumba ni kidogo na kinanuka mpira, lakini Dada kanitundikia pazia, na chai imekuja bila mimi kuomba. Anaimba jikoni kwake. Sijamsikia akiimba tangu tukiwa wadogo, nilikuwa nimesahau kwamba anaweza. Nimekaa kitandani nikajiambia, hapa sitoki. Sina pengine, na sipataki pengine.

Koleo katoka kidogo. Baiskeli ya mwalimu mkuu imeegemezwa chini ya dirisha langu, ipo tayari, mwenyewe anakuja kuichukua saa kumi. Nimeitazama kupitia dirishani. Kutazama sikukatazwa. Breki ya nyuma naona imekaa upande. Kidogo sana, lakini imekaa upande. Koleo ana mikono mizuri, jicho ndilo hana. Mwalimu mkuu akiona itakuwa aibu kwa nyumba nzima, na sasa nyumba hii ni yangu pia.

Nimetoka kuitazama kwa karibu. Spana sikushika. Bisibisi sikushika. Nimetumia kijiko cha chai.

Sasa ni saa kumi kasorobo. Dada kaacha kuimba, ananiita nikachukue chai nyingine. Nina skrubu moja mkononi na sijui imetoka wapi.