Kurumbiza wa Dirishani Kwangu

Jumamosi, 6 Machi
Nimejiunga na chama cha washairi wa ndege. Watu saba, hukutana maktaba kila Jumamosi. Mimi ni fundi saa, mgane wa miaka miwili, na wiki nzima anayenisemesha ni mteja wa betri. Hawa huongea saa mbili bila kupumua. Nikasema hapa hapa, sitoki.

Leo nilisoma shairi langu la kwanza: "Ndege yuko dirishani, na manyoya ya dhahabu." Nimelitunga nikitazama picha ya kalenda. Sikujua wana sharti: ukimsifu ndege, uwe umemwona kwa macho yako, na useme wapi na lini. Mwenyekiti wao, mkunga mstaafu, akaniuliza. Nikasema ni kurumbiza, huja kila asubuhi kwenye mti ulio nje ya dirisha langu. Maneno yalitoka yenyewe.

Mfamasia akatabasamu kwa upande mmoja. Huyu huvaa darubini shingoni hata akiwa ndani. Akasema kurumbiza hajaonekana mtaani kwetu miaka tisa. Basi wakakata shauri: Jumapili ya wiki ijayo, wote kwangu, wakamwone.

Watu saba. Kwangu!

Jumatatu, 8 Machi
Vikombe ninavyo vinne, kimoja hakina mkono. Nimenunua vinne vingine. Kilichopungua ni ndege tu. Mtini hutua kunguru mmoja, naye hanipendi.

Binti yangu alipiga simu kutoka mbali aliko. Nikamwambia sina nafasi, nina wageni wa kuandalia. Akasema hajanisikia na furaha hivi tangu mama yake atutoke. Nilikata simu haraka.

Alhamisi, 11 Machi
Wazo lilinijia kazini, saa ya mtu ikiwa wazi mezani. Soksi ya njano! Nimeijaza pamba, nikaitia mdomo wa njiti ya kiberiti na macho ya shanga, yote kwa kibano changu cha kazi. Ukisimama mbali na kufumba jicho moja, ni kurumbiza mtupu.

Jumapili, 14 Machi
Soksi niliifunga mtini alfajiri. Walikuja wote. Viti havikutosha, wawili wakakaa kitandani. Viatu vilijaa mlangoni, na mimi niliviangalia viatu vile zaidi kuliko mti. Mkunga aliwasha jiko langu bila kuomba ruhusa. Wengine walizicheka saa zangu za ukutani, kwamba kila moja inasema lake. Kwa dakika arobaini nilikuwa mtu mwenye watu wake.

Kisha mfamasia akainua darubini. Akatazama weee. Akasema taratibu kwamba ndege huyu ana kisigino.

Nikajitetea kuwa hiyo ni jamii adimu. Hapo kunguru akatua, akamchomoa pamba ya tumboni, akaenda zake nayo. Wageni wakakumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine.

Mkunga ndiye aliyebaki kuosha vikombe. Akaniambia, fundi, ungesema tu njooni tunywe chai, tungekuja. Ndege wa nini?

Alipoondoka, chumba changu kimoja kilinipwaya.

Jumatatu, 15 Machi
Nimeyapima maneno ya mkunga kutwa nzima. Mama wa watu ana roho nzuri, ila hawajui watu. Nani afunge safari kwa ajili ya chai ya mgane?

Kosa langu nimeliona. Kurumbiza ni ndege wa asubuhi moja: ukimwona umemwona, unavaa viatu unaondoka. Ningemchagua tai anayelalia mayai. Tai hulalia wiki sita! Hapo lazima waje kwa zamu, kila siku mtu wake, na wa zamu lazima akae. Nimeshatunga beti mbili. Mayai yanachemka jikoni.