Posa kwa Linki Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimemaliza! Ukurasa wangu wa posa uko hewani. Ukurasa mmoja, picha tatu. Programu ya JavaScript inasoma mkia wa anwani, yaani neno la mwisho baada ya alama ya #, inabadili picha; kila linki ina mkia wake. Baba yake Yunisi, binti ninayemposa, ni Mzee Elikana, mkulima wa Mwandiga; ataniona katikati ya michikichi. (Ya mjomba. Sijasema ni yangu, nimesimama tu.) Mama yake anauza dagaa Katonga, ataniona ndani ya boti ya injini. Shangazi yake Veneranda, mtu wa kanisa, ataniona na joho la kwaya. Kila mtu na mkwe wake! Oswald fundi simu, anayemnyemelea Yunisi, ana picha ngapi?

Jumatano, 5 Machi

Mshenga wangu, Mzee Ntakarutimana, kapeleka linki. Nilidhani kila mtu atafungua yake, kwenye simu yake. Wapi! Nyumba ile mambo ya posa hutazamwa na wote pamoja, na mwenye bando ni Shangazi tu. Wakafungua zote kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, wakianza na ya kwake. Yunisi anasema zote tatu zimetoa joho la kwaya. Joho! Mzee Elikana kauliza kama nyimbo zitamlisha binti yake. Mama kasema angalau kijana ana adabu. Wamekubali kunipokea Jumamosi. Yunisi ananisihi nimshukuru Mungu na nisiguse kitu. Nisiguse! Kazi yangu imeharibika, mtu ananiambia nisiguse!

Ijumaa, 7 Machi

Nimelipata kosa! Mkia unasomwa mara moja tu, ukurasa unapofunguka. Linki ya pili ikija, mkia unabadilika ila picha haina habari. Nimeongeza mstari mmoja: mkia ukibadilika, soma tena. Nikajaribu. Michikichi, boti, joho. Michikichi, boti, joho! Machozi yamenitoka. Nimemwonyesha Oswald makusudi, aumie. Kanishika mkono na kunitakia heri. Sikutegemea.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu!

Nilipokewa vizuri. Shikamoo zikaitikiwa, soda ikaletwa. Halafu mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nikamwomba Shangazi afungue zile linki tena. Joho. Wakatabasamu. Michikichi. Wakatazamana. Boti. Mama akaruka kitini: ile boti ni ya Samson, kaka yake wa tumbo moja! Shangazi akasema mshika mbili moja humponyoka, sembuse huyu mshika tatu. Mzee Elikana akauliza, taratibu kabisa, ni yupi kati ya hawa aliyekaa mbele yake. Mshenga akaomba radhi kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, kisha akatafuta viatu vyake.

Jumapili, 9 Machi

Posa imekataliwa. Naumia, sijawahi kuumia hivi. Yunisi kanifuata baada ya ibada, macho mekundu. Anasema baba yake alishaanza kumzoea yule mwimbaji. Kaniuliza kwa nini hapakuwa na picha yangu mimi, kibandani kwangu Bangwe, nikiwa kazini kwenye kompyuta.

Kumbe! Familia nzima nimeitengenezea, yeye nimemsahau!

Nimemwekea linki yake peke yake. Atanikuta nimeegemea gari jeupe. Mwenye gari alikuwa ndani ya duka, hakuniona.