Mgomo wa Hita, Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 14 Novemba
Wamepandisha tena! Bei ya joto la hita majumbani juu, na wiki hiyohiyo manispaa yetu imezindua kituo cha basi chenye benchi la kupasha makalio. La umeme! Basi lenyewe lilishafutwa tangu kiangazi.

Mimi hawanipati. Hita zangu zote nimezifunga tangu mwaka juzi, mita zinasoma sifuri, na nyumba ina joto. Siri? Bibi Yordanka wa ghorofa ya sita ana baridi yabisi, anafungulia zake mpaka mwisho. Joto linapanda kwangu bure. Mke wangu Rositsa anaona aibu. Mimi naona akili.

Jumatano, 16 Novemba
Kikao cha wakazi wa jengo, chini, kwenye masanduku ya barua. Dimo, msimamizi wetu, mtu anayevaa tai kwenda kutupa taka, alitaka tupeleke malalamiko wizarani kwa adabu. Adabu! Nikapanda ngazi tatu nionekane. Nikawauliza kama wao ni watu au ni kuku wa kunyonyolewa. Hela za benchi zipo, za kutupunguzia bei hazipo? Tufunge hita, jengo zima, tuone watamtoza nani!

Makofi. Bibi Yordanka alilia. Alisema tangu afe mumewe hajasikia mwanamume akiongea hivyo. Dimo akanywea. Rositsa aliniuliza kama nimelifikiria vizuri jambo hili. Nikamwambia asiniharibie siku.

Ijumaa, 18 Novemba
Sakafu ya baridi. Ajabu.

Nimeshuka kwa Bibi Yordanka kumjulia hali. Makoti mawili na kofia ya marehemu kichwani. Akanionyesha hita zake kwa fahari: zote zimefungwa. Nikamdokeza kwamba wazee wamesamehewa mgomo. Akawaka! Akaniambia, "Stamen mwanangu, usinidharau, mimi nimeganda kabla baba yako hajaota meno. Ukisimama, nasimama." Nikamsihi afikirie magoti yake. Akanipa chupa ya achari ya pilipili nyekundu na kunisukuma nje, nikapiganie haki.

Mkaidi yule! Nimepiga rakia, pombe yetu kali ya matunda, ili nipate joto. Sikupata.

Jumapili, 20 Novemba
Rositsa ameondoka. Aliona pumzi yake mwenyewe juu ya bakuli la supu, akafunga mzigo, akaenda mjini Plovdiv kwa dada yake mwenye jiko la kuni. Amesema atarudi nyumba ikiwa na joto, vinginevyo nisimsumbue. Nampenda mwanamke huyu, jamani. Kitanda hakilaliki.

Ningeweza kufungulia hita zangu. Lakini Dimo ndiye anayesoma mita, atanicheka mpaka Pasaka. Bora nigande!

Mchana nimekwenda kwenye kituo cha basi. Ukaguzi tu. Benchi limejaa jengo zima! Bibi Yordanka katikati, anafuma soksi. Dimo na tai yake pembeni. Nikasema nasubiri basi. Wakasema na wao wanasubiri basi. Tumelisubiri mpaka giza likaingia. Benchi ni zuri, sikatai. Bado ni ufisadi.

Jumanne, 22 Novemba
Bibi Yordanka anakohoa. Usiku kucha nimemsikia kupitia sakafuni, roho ikaniuma. Daktari amemwamuru awashe hita. Amemjibu kwamba anasubiri amri yangu.

Kushindwa mimi? Kamwe! Nimetangaza ushindi. Nimebandika tangazo kwenye mlango wa jengo: serikali imetikisika, mgomo umetimiza kazi yake, kila mtu afungulie hita zake kwa heshima. Watu walikimbia kupanda juu kama kuna moto. Baada ya muda sakafu yangu ikaanza kupata uhai. Nimeilalia kifudifudi. Hita zangu? Zimefungwa, bila shaka!

Nikampigia Rositsa. Akauliza bei imeshuka kiasi gani. Nikasema hadhi haina bei. Akasema haya, anarudi Alhamisi na pipa la kabichi ya kuchachusha, zito ajabu, nikampokee stesheni na kulipandisha mpaka kwetu ghorofa ya saba.

Kurudi mlangoni, naona Dimo amebandika tangazo lake juu ya langu. Wizara imeleta ada mpya ya ukaguzi wa lifti. Lifti! Wametuona wanyonge!

Kikao ni kesho jioni. Bibi Yordanka ameshaniahidi kura yake. Hotuba ninayo kichwani: tusilipe hata mmoja, waifunge hiyo lifti yao msimu mzima, tuone watamtoza nani!