Benchi Lililofupika

Jana redio ya Kinyozi ilituharibia kahawa. Daktari mmoja alisema humo kwamba mtu akishindwa kuinuka kwenye kiti kifupi bila kushika kitu, ajue uzee umebisha hodi. Tulikuwa watatu kwenye benchi la nje ya kibanda chake: mimi, Breki, ambaye ni dereva mstaafu, na Fundi Bati, mwezekaji wa mapaa. Kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na mkasi wake. Siku kama ile, mtu aliyesimama ana kiburi.

"Haya, wazee wangu," akasema. "Aanze mmoja."

Hakuna aliyeanza. Breki alidai kahawa yake bado ya moto, na kikombe kilikuwa kimekauka zamani.

"Daktari huyo halijui benchi hili," Fundi Bati akasema. "Si sisi tuliozeeka. Benchi ndilo limefupika."

Hapo alisema kweli, na mwenye kosa ni yeye. Benchi alilitengeneza mwenyewe. Kila likiyumba, badala ya kuuongezea mguu mfupi kipande, huikata ile mirefu ilingane nao. Likiyumba upande wa pili, anakata tena. Sasa tukikaa, magoti yanasalimiana na ndevu.

"Utotoni nilitamani ukubwa ili nilale saa ninayotaka," Breki akalalamika. "Ruhusa nimeipata, usingizi ndio hauji."

"Mimi nilitaka nisiulizwe ninakwenda wapi," nikasema. "Siku hizi naingia chumbani, najiuliza mwenyewe nimefuata nini."

Tulicheka, isipokuwa Fundi Bati. Asubuhi alikuwa amegombana na bintiye, aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Binti alimsihi aache kupanda juu ya mapaa, abaki chini. Fundi akamjibu kwa jeuri kwamba siku atakayomwona akishikwa mkono ili ainuke, ndiyo siku atakayomwachia ngazi. Binti akaondoka bila kuaga.

Na sasa tulimwona anakuja, amebeba futi kamba. Walikuwa na paa la kupima.

Fundi Bati aliinama mbele, akakaza meno, akanyanyuka kidogo. Magoti yakalia, akarudi chini.

"Utu uzima dawa," Breki akamnong'oneza, "ila si ya magoti."

Binti alifika akatusalimia sote kwa pamoja, kisha akamnyooshea baba yake mkono.

"Shikamoo, baba. Asubuhi sikukuaga vizuri."

"Marahaba, mama," akajibu, akaushika mkono ule asiuachie. Binti akavuta taratibu, bila kubadilisha uso. Fundi akasimama. Kinyozi akafungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga.

"Huo ulikuwa mkono wa salamu," Fundi akasema.

"Ndiyo, baba. Wa salamu tu."

Binti hakutaja ngazi kabisa, na nadhani hilo ndilo lililomshinda mzee. Alijifuta vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

"Leo panda wewe," akasema mwishowe. "Mimi nitakushikia ngazi."

"Sawa, baba. Ila ikiyumba, usiikate."

Fundi alicheka mwenyewe kwanza, ndipo na sisi tukapata ruhusa. Walipogeuka kuondoka, Breki akakohoa.

"Mwanangu, mbona sisi hujatupa mkono?"

Mimi wangu nilikuwa nimeshaunyoosha.